Mwalimu Aliyekosea Makusudi

Watu wa Masama tuna ugonjwa mmoja: mtu akija kutoka Kibosho tunamtazama mara mbili. Babu zetu na babu zao walipigana mpaka wakachoka, na ingawa siku hizi tunaoana na kuzikana, bado mama mkwe akisikia mchumba ni Mkibosho lazima aulize swali moja la nyongeza. Ndiyo maana Wenseslaus alipopanda huku kuja kufundisha katika chuo chetu cha uuguzi cha Kisarika, tulimkaribisha kwa heshima zote huku tukimkagua kama mbuzi wa mnadani.

Kibosho haikumtosha. Alikuwa pia Mkatoliki katika chuo cha Walutheri, na mwanamume anayefundisha wasichana jinsi ya kumwogesha mgonjwa kitandani, jambo ambalo wazee wetu walilizungumza kwa sauti ya chini na kulicheka kwa sauti ya juu. Mwenyewe hakujali. Alikuwa mrefu, mwenye mvi za mapema, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe, na koo ambalo nadhani Mungu alilikusudia kuitia ng'ombe. Akifundisha darasani, wagonjwa wa wodi ya mbali walikuwa wanajifunza pia.

Mimi naitwa Ruth. Miaka hiyo nilikuwa msimamizi wa wodi ya watoto katika hospitali ya hapo hapo Kisarika, na nyumba yangu na yake zilitenganishwa na migomba michache tu. Mengi ya haya niliyaona kwa macho. Yale ambayo sikuyaona nilisimuliwa na waliokuwepo, au nililetewa na sauti yake.

Mwanzoni alifundisha kama tulivyofundishwa sote. Mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika, na mwisho wa muhula mwanafunzi anamrudishia mwalimu maneno yake ili ayape alama. Madaftari yalikuwa masafi, vichwa vimeinama, na wazazi walipenda sana. Huku mlimani mtoto mzuri ni yule anayesikia mara moja. Anayeuliza uliza anaitwa mbishi, na msichana mbishi, walisema, atarudishwa kwao kabla ng'ombe wa mahari hajazaa.

Kisha zikaja semina. Miaka ya tisini ilipoanza kila kitu kilifunguliwa: maduka ya Moshi mjini yakajaa sabuni za rangi ambazo hatukuwahi kuziota, mitumba ikatandazwa mpaka barabarani, na wafadhili wakaingia vyuoni na mbinu mpya za kufundishia. Wenseslaus akaitwa mjini, hotelini, wiki nzima ya soda na sambusa. Alirudi na begi la turubai, kalamu nene za rangi na neno jipya.

"Ruth," aliniambia kupitia migombani, "kuanzia leo mimi si mwalimu tena. Mimi ni mwezeshaji."

"Na mshahara?"

"Huo umebaki wa mwalimu."

Mwezeshaji, kama nilivyoelewa, ni mtu anayelijua jibu lakini hasemi. Anawapanga wanafunzi kwa duara, anawapa habari za mgonjwa, kisha anawaacha wajadiliane. Basi akawapanga. Akawapa mgonjwa wa kubuni anayeharisha, akafunua bango kitita lake la makaratasi makubwa, akauliza, "Haya, mnaonaje?" Wakamtazama. Naye akawatazama. Inzi mmoja ndiye aliyeshiriki kikamilifu. Mwishowe Victoria, kiongozi wa darasa na msichana mwenye akili za moto, akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Mwalimu, sisi tunaona kama unavyoona wewe."

Ilikuwa hivyo kwa majuma. Siku moja, katika kukata tamaa, akawategea mtego. Alikuwa anafundisha habari za homa, na kwa uso mkavu kabisa akasema kwamba mtoto akifikia nyuzi joto mia moja za Sentigredi, hiyo sasa ni homa kali. Kalamu zikakimbia. Darasa zima likaandika, na wengine wakapigia mstari kwa wino mwekundu. Akapita nyuma yao akisoma daftari baada ya daftari, mia moja, mia moja, mia moja, na alipomaliza akaketi kwenye dawati la mwanafunzi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mtu wa nyuzi mia moja si mgonjwa," akasema. "Huyo ni chai."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hawakujua kama inaruhusiwa.

Jioni hiyo alikuja kwangu na mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Wanajua, Ruth. Nimewauliza mmoja mmoja, wote wanajua homa kali inaanzia wapi. Wameandika uongo kwa sababu umetoka kinywani mwangu. Sasa kesho nikiwa nimechoka wodini, nikachukua chupa ya dawa isiyo yenyewe, si watanishikia trei?" Alikuwa ameogopa kweli. Nikaogopa naye, maana katika miaka yangu ya kazi nilishaona daktari akikosea na chumba kizima kikitazama sakafu.

Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Aliwatangazia kwamba katika kila kipindi cha vitendo atatia kosa moja makusudi, na atakayelikamata na kulitaja mbele ya wenzake, mwalimu mwenyewe atambebea ndoo ya maji. Hilo la ndoo lataka maelezo. Bomba la chuo lilikuwa linatoa maji kwa hiari yake, kwa hiyo wasichana waliteka mfongoni, kwenye ule mfereji wa wazee unaoshusha maji kutoka msituni, kisha wakapandisha kilima na ndoo kichwani. Kuepushwa na safari hiyo kulikuwa kutamu kuliko alama.

Mwanzoni hakubeba ndoo yoyote. Alimfunga mwanasesere wa mazoezi bandeji kwenye mguu mzima akauacha uliovunjika, wakamtazama. Alivaa glavu, akajikuna sikio, akaendelea kuosha kidonda, wakamtazama. Kisha siku moja akaandaa sindano, akamwinamia mwanasesere na kumwuliza kwa upole, "Wewe ndiye mama Filbert, siyo?" na hapo Victoria akashindwa kuvumilia. Akasimama, mikono kifuani, anaomba msamaha kabla ya kutenda kosa.

"Shikamoo mwalimu. Samahani mwalimu. Naomba kusema, kama hutakasirika. Ulitufundisha mgonjwa asiulizwe swali la kujibiwa 'ndiyo'. Mtu mwenye homa atasema 'ndiyo' kwa jina lolote. Anaulizwa, 'Unaitwa nani?' halafu tunangoja aseme mwenyewe."

"Nimekosea!" Wenseslaus akanguruma kwa furaha. "Nimekosea, na nimekamatwa! Leta ndoo!"

Jioni hiyo Masama iliona maajabu. Mwalimu wa chuo, mtu mzima mwenye mvi zake, anapandisha kilima na ndoo begani, maji yanamchuruzika kwenye koti, na nyuma yake anafuata msichana mikono mitupu, amejifunika uso kwa khanga asijulikane ni wa nani. Mzee mmoja aliyekuwa anapogoa mibuni yake aliacha kazi akaja mpaka kwenye njia kuuliza kama mwalimu ameugua. Habari zilifika Kibosho kabla ya giza, na huko, nasikia, walisema tumemroga.

Baada ya hapo ikawa kama mfongo uliozibuliwa. Haukwisha muhula mmoja, wakawa wanamkamata kabla hajakosea vizuri. Ilibidi akae usiku kutunga makosa ya werevu zaidi. Walibishana naye, wakabishana wao kwa wao, wakafungua vitabu kumthibitishia. Yeye akabeba maji mpaka tumbo likapungua. Chuo kilijaa kelele za watu wanaofikiri, na mimi nilifurahi, sioni haya kusema.

Matroni Martha hakufurahi. Ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi wote, mama wa haki, aliyelelewa katika nyumba ya mchungaji ambako hata paka alikuwa anangoja sala iishe. "Unawafundisha ujeuri," alimwambia Wenseslaus mbele yangu. "Leo wanakusahihisha wewe, kesho watamsahihisha daktari, keshokutwa mume."

"Ndiyo hasa nia yangu, Matroni," akajibu, na nadhani alijibu haraka mno.

Wazazi nao wakaja kulalamika kwamba binti zao wakirudi likizo wanauliza "kwa nini" mezani. Bodi ya chuo ikakaa na kuamua. Mkaguzi wa mafunzo angekuja Desemba kutoka Dar es Salaam. Akiuridhia mchezo wa makosa, uendelee. Asipouridhia, uishe, na Wenseslaus atolewe darasani arudi wodini kushika zamu kama muuguzi yeyote.

Kwa mtu mwingine hiyo si adhabu. Kwake ilikuwa kama kuambiwa afe. Kihamba cha baba yake, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kilikwenda kwa mdogo wake wa mwisho kama desturi inavyotaka. Mke alikuwa ameshatangulia mbele za haki na watoto wametawanyika mijini. "Mimi kihamba changu ni darasa," aliniambia, ameshika kikombe cha chai iliyopoa. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, nikamwambia anywe chai yake.

Aliyemsumbua kuliko bodi alikuwa Hellen. Huyu alikuwa msichana wa Chekereni, kule tambarare kwenye mashamba ya mpunga. Baba yake alihamia huko kutoka Singida kutafuta ardhi ya kulima, kwa hiyo Hellen hakujua Kichagga, na ndizi za kupika alizila kama mtu anayemeza dawa. Alikuwa na mikono mizuri kuliko wenzake wote. Mtoto aliyewashinda manesi watatu, Hellen akimgusa ananyamaza. Lakini katika mchezo hakuwahi kufungua mdomo. Wenseslaus alimwekea makosa makubwa kama nyumba, makosa ambayo mwanasesere mwenyewe angeyalalamikia, Hellen akatazama chini.

"Umeliona?" alimwuliza siku moja baada ya kipindi.

"Nimeliona, mwalimu."

"Sasa mbona husemi?"

"Nisamehe, mwalimu."

Akaja kwangu akishika kichwa. "Mkaguzi akimsimamisha huyu," akasema, "na huyu akakaa kimya kama kisiki, mbinu yangu imekwisha kazi." Victoria alishampa ushauri kwamba siku ya ukaguzi Hellen atumwe jikoni kumenya ndizi. Wenseslaus aliukataa ushauri huo, lakini aliufikiria siku nzima.

Desemba ikafika, na mlima ukajaa kama kila mwaka. Mchagga anaweza kuishi popote duniani, ila Krismasi lazima aile kwao. Magari yanapanda kutoka Dar na Arusha na watoto wenye viatu vipya, watoto wanacheza kwenye ubaridi wasiouzoea, wanakula nyama kuzidi matumbo yao, na inapofika wiki ya sikukuu wodi yangu ina vifua na homa za mikoa yote. Mkaguzi, Bi. Evelyn, naye kwao ni Machame, akawa ameunganisha ukaguzi na sikukuu. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Asubuhi aliketi nyuma ya darasa akautazama mchezo. Wenseslaus alikosea vizuri, wasichana wakamrukia, Bi. Evelyn akacheka na kuandika, na hakumsimamisha Hellen. Mambo yalikuwa yanakwenda kama maji ya mtelemko. Kisha akafunga kalamu yake akasema jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Sasa nataka nikuone wodini, mwalimu. Kwa mgonjwa wa kweli."

"Wodini hatuchezi," Wenseslaus akasema upesi. "Makosa ni kwa mwanasesere tu. Kwa mgonjwa nafundisha kawaida."

"Ndiyo hiyo kawaida ninayotaka kuiona."

Wakaja wodini kwangu msafara mzima, Wenseslaus mbele na trei, wanafunzi nyuma yake, Bi. Evelyn na Matroni Martha pembeni. Mgonjwa aliyechaguliwa alikuwa mtoto wa miaka sita, Elifuraha Nkya, aliyelazwa kitanda cha dirishani kwa kichomi, na muda wa sindano yake ya penisilini ulikuwa umefika. Bibi yake, mzee wa heshima mwenye kitambaa cheupe kichwani, alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya vitanda anapooza bakuli la mtori wa ndizi. Mimi niliwapokea, kisha nikakimbilia mlangoni, ambako wageni wa Krismasi walikuwa wanataka kuingia na masufuria nje ya saa za kuona wagonjwa. Kwa hiyo mwanzo wake sikuusikia. Nilisimuliwa na wote, maana wote waliusikia.

Wenseslaus akamwamkia bibi. "Shikamoo, mama." Bibi akaitikia, wakaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe na za baridi, kama inavyotakiwa, na Bi. Evelyn akaandika hilo pia. Akachukua faili lililoning'inia kitandani akalisoma. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano taratibu, akawaonyesha wanafunzi kipimo. Halafu akamgeukia mtoto aliyekuwa ameegemea dirisha akitazama theluji ya Kibo.

"Huyu ndiye Elifuraha Nkya, siyo mama?"

"Ndiyo, baba. Ndiye Elifuraha."

Darasa likashtuka, kisha likatabasamu. Victoria akambonyeza mwenzake kwa kiwiko. Kumbe mwalimu ameuhamishia mchezo wodini kumfurahisha mgeni! Kwenye chumba cha mazoezi wangekuwa wameshapiga kelele na ndoo imeshapata mwenyewe. Lakini hapa alikuwepo mgeni, alikuwepo Matroni, alikuwepo bibi wa watu, na sisi tumelelewa hivi: mbele ya mgeni, baba wa nyumba hasahihishwi. Wakamngoja ajikamate mwenyewe. Yeye akapaka spiriti kwenye paja la mtoto.

Hapo ndipo nami nilipogeuka kutoka mlangoni. Nikaona mkono mwembamba umemshika Wenseslaus kifundo cha mkono, juu kidogo tu ya sindano.

"Mwalimu, usimchome," Hellen akasema. "Huyu ni Elifuraha mwingine."

Hakumwachia mkono. "Wako wawili. Asubuhi nimewaogesha mimi. Mwenye kichomi ni yule pale, kitanda cha ukutani. Huyu ametoka Dar, ana malaria. Wamebadilishana vitanda kwa sababu huyu alitaka kuona mlima."

Bibi akaweka kijiko kwenye bakuli. "Wote ni Elifuraha," alisema, akishangaa kwamba watu wazima wanahitaji kuelezwa. "Ni jina la mume wangu. Huyu ni wa Denis, yule wa Primus. Mwanangu akipata mtoto wa kiume wa kwanza, atampa jina la nani kama si la baba yake?"

Na kweli, atampa la nani? Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba. Ndugu wanne wakioa, ua mmoja unaweza kuwa na akina Elifuraha wanne, na ukitangaza kwamba chakula kiko tayari wanakuja wote. Tumezoea kiasi kwamba hatuoni. Wanafunzi wa mlimani walipita kati ya vitanda vile asubuhi nzima, na majina mawili yaliyofanana hayakumshtua hata mmoja. Ni Hellen wa Chekereni aliyeona ajabu, akauliza, na bibi akamsomea ukoo mzima wakati wa kupaka mafuta.

Nikalichukua faili la kitanda cha ukutani, lile la mtoto wa Dar. Juu kabisa daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu asipewe penisilini. Mwaka uliopita sindano ya namna hiyohiyo ilimvimbisha uso na kumkata pumzi, wakamwokoa kwa shida. Nikasoma kwa sauti.

Wenseslaus akaliweka bomba kwenye trei.

Bi. Evelyn akatazama karatasi zake, akamtazama yeye. "Mwalimu, hilo lilikuwa kosa la makusudi?"

"Bila shaka," Matroni Martha akadakia. "Ndiyo mbinu yake, alikuwa anawapima." Sikuwahi kumsikia Matroni akiutetea mchezo ule. Lakini mama wa watu alikuwa anaokoa jina la chuo, na hospitali, na labda hata la Mkibosho wetu. Victoria naye akatikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kilichotakiwa ni Wenseslaus aseme neno moja, "ndiyo", na nilimwomba Mungu amjalie kulitamka.

"Hapana," akasema. "Hili nimekosea. Nimekosea kweli, na ningemchoma."

Kisha akapiga goti, mtu mzima yule, mpaka akalingana na kigoda. "Mama, naomba unisamehe. Nilikuwa karibu kumwua mjukuu wako."

Bibi akamsogezea bakuli. Sidhani alielewa yote, au pengine alielewa kuliko sisi. "Si hujamchoma? Basi. Inuka, baba, unywe mtori, umekauka midomo."

Saa kumi jioni aliwaita wanafunzi darasani, na akaniomba na mimi nije. Hakusimama mbele; aliketi nao. Sauti yake, ambayo siku zote ilifika mpaka barabarani, sikuisikia vizuri hata nikiwa mle ndani.

"Wakati namwuliza bibi lile swali, nani aliona nimekosea?"

Mkono wa Victoria ukapanda polepole. Ukafuata wa jirani yake. Ukafuata wa nyuma, na mwingine, na mwingine, mpaka hapakuwa na mkono uliobaki mezani. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini mikono ile iliniumiza.

"Tulidhani ni mchezo, mwalimu," Victoria alisema, naye alikuwa analia waziwazi. "Tulijua utasimama. Na kama tungesema mbele ya mgeni, tungekuaibisha."

Hakumgombeza. Alimgeukia Hellen. "Na wewe? Mwaka mzima nakuwekea makosa, hujawahi kusema hata moja."

Hellen akatazama chini kama kawaida yake. "Kule hakukuwa na mtoto, mwalimu," akasema. "Niliona haya kumsahihisha mkubwa kwa ajili ya ndoo."

Bi. Evelyn alikuwa mkaguzi mwaminifu, Krismasi au si Krismasi. Alishauri mchezo ukome, na bodi ikatimiza neno lake: mwaka mpya ulipoanza, darasa lilipewa mwalimu mwingine na Wenseslaus akaletwa wodini kwangu kushika zamu. Nilijiandaa kupokea mtu aliyevunjika. Nilipanga hata maneno ya kumfariji, na maneno ya kufariji si fani yangu.

Jumatatu ya kwanza alifika mapema, koti limepigwa pasi vilevile. Hatujamaliza kusalimiana, mlango ukafunguliwa na Matroni Martha akaingia, na nyuma yake, wamepanga mstari, wanafunzi wote.

"Hawa, sindano watajifunzia hapa," alimwambia bila kumtazama usoni. "Kwenye vitanda. Mwanasesere hana babu." Akageuka akaenda zake, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa varanda.

Wenseslaus alisimama na trei mkononi. Nadhani alitaka kucheka, na nadhani alitaka kulia, na kwa kuwa ni mwanamume wa Kibosho hakufanya lolote kati ya hayo. Akawaita wasogee karibu. Hellen akaja mbele.

"Leo nitakosea," akawaambia. "Sijui wapi. Nikikosea, msiningoje."